Friji ya Nyumbani Ndani ya Gari-Nyumba: Hesabu Kwanza, Nunua Baadaye

Kila mwanamke aendeshaye nyumba anajua kwamba friji si pambo. Ndani yake mna maziwa ya mtoto, nyama ya juma zima, mboga zilizokwisha kuchambuliwa, na katika nyumba nyingine dawa ya mgonjwa. Friji ikizima usiku, hasara ni ya watu wote, lakini anayeulizwa kwanza asubuhi ni mama. Ndiyo maana mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya friji iliyo katika nyumba isiyo ya kawaida, nyumba iendayo kwa magurudumu.

Huko Marekani na Kanada familia nyingi husafiri kwa magari-nyumba. Gari-nyumba lina vitanda, jiko, meza, choo na bafu. Mengine yana injini yake yenyewe kama basi, mengine ni matrela yanayovutwa na gari dogo la mizigo. Viwanda vyake vingi viko katika jimbo la Indiana, hasa kuzunguka mji wa Elkhart. Wako wanaoyatumia kwa likizo ya watoto tu, na wako wazee waliostaafu waliouza nyumba zao wakaamua kuishi humo mwaka mzima. Ikiwa familia yako inaishi upande ule wa dunia, huenda siku moja mkakodi au mkanunua gari la namna hiyo, na jikoni ndipo utakapotazama kwanza.

Hapo utakuta friji ndogo ambayo haifanani na ile uliyoizoea. Wengi wakiiona huuliza: kwa nini tusiitoe tukaweka friji ya kawaida, kama zile zinazouzwa dukani kwa ajili ya nyumba? Jibu letu ni kwamba inawezekana, na kwa familia nyingine ni jambo la busara sana. Siku hizi hata viwandani magari mengi makubwa hutoka yakiwa na friji ya nyumbani. Lakini swali la kwanza si ukubwa wa friji wala uzuri wa milango yake. Swali la kwanza ni hili: usiku mtalala wapi, na umeme utatoka wapi?

FRIJI ZA AINA TATU

Kabla ya kuchagua, yafaa tuzifahamu friji zenyewe. Katika magari-nyumba ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni friji ya gesi. Hii haina mota wala kompresa. Ndani ya mabomba yake mna mchanganyiko wa maji, amonia na haidrojeni, nao huzungushwa na joto tu. Joto hilo hutoka kwenye mwali mdogo wa gesi ya mtungi, au kwenye waya wa kupasha moto unaotumia umeme. Ni ajabu kidogo kwamba moto unaleta baridi, lakini ndivyo ilivyo. Njia hii iligunduliwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikaanza kuzitengeneza mwaka 1925. Friji za mafuta ya taa zilizotumika zamani katika hospitali na misheni zisizo na umeme zilifanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Sifa ya friji ya gesi ni kwamba haikutegemei wewe kuwa na umeme mwingi. Mtungi wa kilo 9 unaweza kuiendesha friji ya kadiri kwa takriban majuma mawili. Tena haina kelele. Lakini ina masharti yake. Gari likiwa limesimama ni lazima lisimame sawasawa, kwa sababu likiegemea upande mmoja kwa muda mrefu yale maji na amonia hayazunguki vizuri, mabomba hupata joto kupita kiasi, na friji huweza kuharibika isitengenezeke. Ndiyo maana wenye magari haya hutembea na pimamaji kama seremala. Friji hii pia hupoa polepole. Ukiiwasha leo asubuhi, tia chakula jioni au kesho. Na siku za joto kali, hewa inapofika nyuzi 35 na zaidi, huhangaika kushusha baridi. Jambo jingine ni moto: tangu mwaka 2006 watengenezaji waliwahi kuwaita wateja wengi warudishe friji za aina hii zikarekebishwe kwa sababu ya hatari ya kuwaka. Basi ukisikia harufu kali ya amonia, izime, fungua madirisha, toa watoto nje, kisha mwite fundi.

Ya pili ni friji ya volti 12. Hii ina kompresa ndogo inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, bila kubadilishwa. Hupoa haraka, haijali gari likiinama kidogo, na hutumia umeme kwa uangalifu. Ni jamaa wa zile friji za sanduku zinazofungwa katika magari ya watalii kwenye mbuga zetu. Kasoro yake ni kwamba kwa bei ileile utapata nafasi ndogo, na ikiharibika si kila fundi wa mtaani ataiweza.

Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia, yaani friji ya nyumbani. Huko Marekani hutumia umeme wa volti 120. Kwa fedha utakazotoa, hakuna friji nyingine itakayokupa nafasi kubwa kama hii. Friji ya gesi ya magari-nyumba aghalabu hubeba lita 170 hadi 340. Friji ya kadiri ya nyumbani hubeba lita 500, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ile ya gesi iliyo nusu yake. Barafu haigandi ukutani, kwa hiyo huhitaji kuikwangua. Rafu zake ni pana, sufuria la mchuzi huingia na mfuniko wake. Na ikiharibika, fundi wa friji yuko katika kila mji. Mama mwenye watoto wanne akiziona sifa hizi moyo wake hutulia. Lakini asiharakishe.

MNALALA WAPI?

Chukueni daftari, baba na mama, mkaandike safari za mwaka mmoja kama mnavyotarajia. Siku ngapi mtakuwa katika viwanja vya kambi vyenye umeme? Siku ngapi mtakuwa njiani? Siku ngapi mtalala porini, ambako hakuna nguzo ya umeme?

Familia inayolala katika kambi za kulipia kila usiku haina shida kubwa. Pale kuna soketi ya ampea 30 au 50, mnachomeka waya, na friji ya nyumbani hufanya kazi kama iko nyumbani. Kwa watu wa namna hii friji hii ni chaguo jema.

Familia inayopenda porini ni habari nyingine. Katika majimbo ya magharibi kuna ardhi kubwa ya serikali inayosimamiwa na idara ya ardhi ya shirikisho, ambako kwa kawaida mtu anaruhusiwa kupiga kambi bure hadi siku 14. Karibu na mji wa Quartzsite, katika jangwa la Arizona, magari-nyumba hukusanyika kwa maelfu kila majira ya baridi. Huko hakuna soketi. Umeme ni ule ulionao kwenye betri, kwenye paneli za sola juu ya paa, au kwenye jenereta. Friji ya nyumbani itakula umeme huo usiku na mchana, mkiwa macho na mkiwa mmelala, nayo haitawauliza kama mmebakiza wa kuwashia taa.

Kwa hiyo kama nusu ya siku zenu ni za porini, na hamna fedha za kununua betri na sola ya kutosha, bakini na friji ya gesi au chagueni ya volti 12. Hakuna aibu katika friji ndogo. Aibu ni friji kubwa yenye nyama iliyooza.

HESABU YA UMEME

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Umeme nao ni mali. Hesabu yenyewe si ngumu, na mama yeyote anayeweza kugawa fedha ya sokoni anaiweza.

Nchini Marekani kila friji mpya ya nyumbani huuzwa ikiwa na karatasi ya manjano inayoonyesha itatumia uniti ngapi za umeme kwa mwaka. Karatasi hizi zimekuwapo tangu mwaka 1980. Tuseme umechagua friji iliyoandikwa uniti 400 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365. Utapata uniti 1.1 kwa siku, ambazo ni sawa na wati-saa 1,100.

Hayo ndiyo matumizi ya friji yenyewe. Lakini betri hutoa volti 12, na friji inataka volti 120, kwa hiyo katikati panatakiwa inveta, chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe umeme wa ukutani. Inveta hiyo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya umeme unaopita ndani yake. Basi zile 1,100 zinakuwa takriban 1,220. Tena inveta yenyewe, hata friji ikiwa imenyamaza, hula umeme kidogo kwa kukaa macho tu. Kama inakula wati 20, kwa saa 24 ni wati-saa 480. Jumlisha, utapata 1,700 kwa siku. Angalia jinsi tulivyoanza na 1,100 tukafika 1,700. Wengi hununua betri kwa kuitazama ile hesabu ya kwanza, na hapo ndipo wanapoumia.

Sasa tutazame betri. Betri ya asidi ya ampea 100 ina wati-saa 1,200, lakini si vema kuitumia zaidi ya nusu, maana ukiimaliza mara kwa mara itakufa mapema. Kwa hiyo inakupa 600 tu. Kwa mahitaji ya 1,700 utahitaji betri tatu kwa siku moja. Betri ya lithiamu ya ampea 100 ina wati-saa kama 1,280 na unaweza kutumia sehemu nane katika kumi bila kuiumiza, yaani zaidi ya 1,000. Utahitaji mbili. Bei ya lithiamu ni kubwa zaidi unaponunua, lakini hudumu miaka mingi zaidi na ni nyepesi sana.

Na ni nani atakayezijaza betri hizo tena kesho? Paneli moja ya sola ya wati 100, mahali penye saa 5 za jua zuri, ingetoa 500; lakini kwa kuwa imelala juu ya paa, ina vumbi, na joto huipunguzia nguvu, toa robo. Inabaki 375. Gawanya 1,700 kwa 375, utahitaji paneli tano kwa ajili ya friji peke yake. Bado hujahesabu taa, pampu ya maji, feni, na simu za watoto. Na siku ya mawingu ongeza jenereta.

Kumbuka pia kwamba uniti za kwenye karatasi zilipimwa mahali tulivu. Katika gari lililosimama juani, na watoto wanaofungua mlango kila dakika kumi kutafuta juisi, friji itatumia zaidi. Ongeza kidogo juu ya hesabu yako badala ya kupunguza.

INVETA IWE YA NAMNA GANI

Kuna inveta za bei rahisi ambazo umeme wake ni wa kukatakata, hauendi kwa mawimbi laini kama umeme wa gridi. Zinawasha balbu bila tatizo, lakini kompresa ya friji huweza kuunguruma na kupata joto, na friji za kisasa zenye mitambo ya kielektroniki huweza kuharibika. Kwa friji nunua inveta ya mawimbi safi. Muulize muuzaji kwa maneno hayo, na uone imeandikwa.

Ukubwa nao uangaliwe. Friji ikiwa imeshaanza kazi hutumia wati 100 hadi 200 tu, lakini ile sekunde ya kuanza, kompresa huvuta umeme mara kadhaa ya huo. Inveta ndogo itashindwa pale pale. Watu wengi hufunga ya wati 1,000 hadi 2,000. Isiwe kubwa kupita haja, kwa sababu inveta kubwa nayo hula umeme zaidi ikikaa macho. Ikae karibu na betri, kwa waya nene na fyuzi yake, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme anayejua magari. Huu si mradi wa kujaribia Jumamosi mchana.

PIMA MLANGO KABLA YA KUPIMA FRIJI

Friji ikishalipiwa dukani, kuna kizuizi ambacho hakuna aliyekifikiria: mlango wa gari. Milango mingi ya magari-nyumba ina upana wa sentimeta 60 hadi 70 hivi, na friji nyingi za nyumbani zina upana huo au zaidi. Mara nyingine mafundi hulazimika kung'oa milango ya friji, au kutoa dirisha zima, ndipo ipite. Basi chukua futi, pima mlango wa gari, pima ukumbi wa ndani na kona zake, kisha pima tundu friji itakapokaa: upana, kimo na kina. Andika. Nenda dukani na karatasi hiyo, wala usitegemee macho.

Friji pia inataka kupumua. Kitabu chake kitakuambia ni nafasi kiasi gani iachwe nyuma, juu na ubavuni. Friji nyingi za siku hizi hutolea joto ubavuni, na ukizibana kabisa kwenye kabati zitafanya kazi bila kupumzika na kumaliza betri zako.

Uzito ni jambo la tatu. Kila gari-nyumba lina kibandiko kinachosema linaruhusiwa kubeba kilo ngapi za watu na mizigo. Friji ya nyumbani inaweza kuwa na kilo 70 hadi zaidi ya 100. Betri tatu za asidi ni kama kilo 90. Mbili za lithiamu hazifiki 30. Ongeza inveta, paneli na maji ya tangi. Gari lililozidiwa hupasua matairi na huchelewa kusimama, na ndani yake wamo watoto wako.

Na kama mnatoa friji ya gesi ya zamani, bomba la gesi lizibwe na fundi mwenye ujuzi, kisha lijaribiwe kama halivuji. Matundu ya hewa yaliyokuwa nyuma yake, ukutani na juu ya paa, yafungwe vizuri ili mvua, vumbi na nyigu wasiingie. Soma pia dhamana ya friji mpya kabla ya kulipa. Watengenezaji wengine hawakubali kuitengeneza bure friji ya nyumbani iliyofungwa ndani ya gari.

BARABARA HAINA HURUMA

Friji ya nyumbani ilitengenezwa isimame mahali pamoja hadi izeeke. Ndani ya gari inatikiswa kila siku. Hapana budi ifungwe imara, chini kwenye sakafu na juu kwenye mbao za kabati, isisogee hata breki zikikanyagwa ghafla. Lakini asije fundi akatoboa ubavu wa friji ili apitishe skrubu. Ndani ya kuta hizo hupita mabomba ya gesi ya kupoozea, na tundu moja tu linaua friji nzima.

Mlango wake hushikwa na sumaku iliyo ndani ya mpira. Sumaku hiyo haitoshi kwenye kona. Weka komeo la nje au mkanda wa kubana, na mtoto mmoja apewe kazi ya kuhakikisha umefungwa kila kabla ya kuondoka. Watoto hupenda kazi ya namna hiyo, nao huikumbuka kuliko wazazi. Ndani ya friji, vitu vizito viwe chini, chupa za glasi ziwe chache, mayai yawe katika kasha gumu, na mchuzi uwe ndani ya chombo chenye mfuniko wa kubana. Pako fimbo fupi za kubana zinazowekwa mbele ya rafu ili vitu visianguke mlango unapofunguliwa mara mnapofika. Hazigharimu sana.

Mkiwa mnaendesha, wale wenye friji ya gesi wana jambo la kuangalia: mwali uzimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta. Friji ya nyumbani haina mwali huo, na hii ni sifa yake nyingine.

CHAKULA CHA WATOTO NA DAWA YA MGONJWA

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Friji inaweza kuwa na taa inayowaka vizuri na bado chakula kikawa si salama. Nunua kipimajoto kidogo cha friji ukiweke rafu ya katikati. Kisomeke nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, na katika friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Magari ya Marekani na vyombo vyake aghalabu husoma kwa Fahrenheit. Huko nyuzi 4 zetu ni 40 zao.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa hushika baridi kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hushika kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Kwa sababu hiyo familia nyingine huzima inveta wakati wa safari fupi ya asubuhi na kuiwasha wanapofika, na hakuna kinachoharibika. Lakini nyama, samaki, maziwa, mayai na chakula kilichopikwa vikikaa kwenye joto la juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, vitupwe. Kukionja ili kujua kama kimeharibika si njia ya kujua, kwa maana vijidudu vinavyoumiza tumbo haviharibu ladha sikuzote. Twajua inauma kutupa chakula kilichonunuliwa kwa jasho. Inauma zaidi kukesha na mtoto anayeharisha, kilomita 100 kutoka hospitali.

Mama anayenyonyesha na kukamua maziwa ajue kwamba maziwa hayo hukaa katika friji nzuri hadi siku 4, na nje ya friji saa 4 tu. Mwenye mgonjwa wa kisukari ajue kwamba insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na haitakiwi kuganda kamwe. Ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kwa hiyo isiwekwe karibu na tundu linalopuliza baridi ya friza. Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo isitegemee friji moja na inveta moja. Iwe na sanduku la baridi pembeni, na barafu yake, tangu siku ya kwanza.

BABA NA MAMA WAKAE PAMOJA

Tumeona kwamba katika manunuzi kama haya baba hutazama injini na matairi, na mama huachiwa jiko. Ubaya wake ni kwamba friji iko pande zote mbili. Mama ndiye ajuaye watoto wanakunywa maziwa kiasi gani kwa juma, na kama kweli lita 500 zinahitajika au 280 zingetosha. Baba huenda ndiye atakayeulizwa betri zikiisha. Kila mmoja akiamua peke yake, mwishowe watanunua friji ya mama na betri za baba, na viwili hivyo havitalingana.

Kaeni jioni moja, watoto wakiwa wamelala. Andikeni bei ya friji, halafu chini yake andikeni bei ya inveta, betri, paneli, waya, kazi ya seremala na kazi ya fundi umeme. Jumlisheni. Hapo ndipo mtaona kwamba friji ya bei nafuu ina ndugu wa bei ghali. Kama jumla hiyo inalipika bila kukopa, na mnalala mara nyingi penye umeme, nunueni kwa amani. Kama hailipiki, hamjashindwa. Friji ya nyumbani iliyo ndogo, ya lita 280 hivi, mara nyingi hutosha watu wanne wanaopita sokoni kila baada ya siku tatu.

KWA WALIO NYUMBANI NA SOLA

Msomaji aliye Singida au Kitui anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu ikiwa anaishi kwa sola. Nyumba iliyo mbali na gridi ni ndugu wa gari lililo jangwani: zote mbili zinaishi kwa betri. Hesabu ile ile ya uniti, inveta, betri na paneli inafaa, isipokuwa umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240. Tena wewe una nafuu mbili, uzito wa betri haukusumbui, na paneli zako unaweza kuzielekeza vizuri kwenye jua.

Na kama una ndugu Marekani anayetaka kukutumia friji yake katika kontena, mwulize kwanza volti zake. Friji ya volti 120 ukiichomeka katika soketi ya Tanzania au Kenya itaungua siku hiyo hiyo. Itahitaji transfoma kubwa, nayo huongeza gharama, na hata hivyo mapigo ya umeme wa kwao ni 60 na wa kwetu ni 50, jambo ambalo mota nyingine hazilipendi. Mara nyingi ni nafuu akutumie fedha ununue hapa.

Mwisho tunarudia neno moja. Usiingie dukani ukiwa umebeba hamu tu. Ingia na daftari lenye mambo manne: siku zenu za porini, wati-saa za siku moja, vipimo vya mlango, na kilo ambazo gari linaruhusiwa. Muuzaji akikuonyesha friji nzuri kuliko zote, fungua daftari lako kwanza. Ikikubaliana nalo, ichukue. Isipokubaliana, mshukuru muuzaji, mwende mkatafute nyingine.